Kamba ya Dirishani na Mtoto Mdogo



Katika nyumba zetu za Katesh, chini ya Mlima Hanang, kamba hazikosekani. Iko ya kufungia ndama, iko ya kuanikia nguo, iko ya chandarua. Na penye madirisha ya kioo huenda ikawapo kamba ya pazia, ile ivutwayo ili pazia lipande au lishuke. Sisi watu wazima twaiona kuwa kitu kidogo. Lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja hata mitatu yaweza kuwa mtego.

Sikieni sababu yake. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito, kikilinganishwa na mwili wake, na shingo haijapata nguvu. Njia ya pumzi ni nyembamba na laini. Akiteleza kitandani, shingo ikiwa ndani ya kitanzi, hawezi kujiinua. Wala halii, kwa maana sauti haina njia ya kutokea. Fahamu humpotea kwa nukta chache, na katika dakika mbili au tatu aweza kufa, mama yake akiwa jikoni akidhani amelala.

Msiba huu umeingia katika nyumba nyingi za ng'ambo. Kwa hiyo mwaka 2014 nchi za Ulaya zilikaza kanuni za mapazia ya namna hii. Na Desemba 2018 kanuni ya Marekani ilitaka yale yauzwayo tayari dukani yasiwe na kamba ndefu ya kufikiwa na mtoto. Lakini kanuni hizo haziliondoi pazia la zamani lililokwisha kutundikwa.

Basi yafaa tufanye hivi. Kwanza, kitanda cha mtoto, kiti na sanduku visikae karibu na dirisha, maana mtoto hupanda. Pili, kamba izungushwe barabara kwenye kishikizo ukutani, kimo cha mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni. Na likipatikana pazia lisilo na kamba, ndilo bora. Kukata kitanzi tu hakutoshi, kwa kuwa kamba ndefu huweza kujizungusha shingoni. Tatu, kamba ya ndama isiachwe ikining'inia, na uzi au ushanga wa shingoni uvuliwe mtoto alalapo.

Ukimkuta mtoto amenaswa, mwinue upesi ili kamba ilegee, kisha ifungue au ikate. Asipopumua, mpulizie pumzi na kumbonyeza kifua, huku mwingine akiita msaada. Hata akizinduka na kulia, mpeleke hospitali.

Leo, kabla ya giza kuingia, piga magoti ukatambae chumbani kama mtoto, utazame anachoweza kukifikia. Kazi hiyo ni ya robo saa. Majuto ni mjukuu; huja baadaye.