Kadi za Bingo na Riziki ya Mtunga Programu

Walimu wa watoto wadogo nchini Marekani wana desturi ya kufundisha kusoma kwa mchezo wa bingo: kila mtoto hupewa kadi yenye vyumba 25, chumba kimeandikwa neno, na mwalimu alitajapo neno mtoto hulitafuta katika kadi yake akalitia alama, mpaka apatikane mmoja aliyekamilisha safu akapaza sauti. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Taabu iko kwa mwalimu, kwani kadi hazifai kufanana, na darasa la watoto 25 lataka kadi 25 zenye maneno yale yale kwa mipangilio mbalimbali, kazi ambayo ikifanywa kwa mkono humaliza jioni nzima ya mtu aliyekwisha kuchoka.

Taabu hiyo, ambayo hakuna tajiri wa mitaji ambaye angejishughulisha nayo, ndiyo iliyomtoa Patrick McKenzie katika kazi ya mshahara. Alikuwa Mmarekani akiishi Japani, na mwaka 2006, kwa saa zake za baada ya kazi, alitunga programu ya kuchanganya maneno na kuchapa kadi, akaiita Bingo Card Creator, akaiuza kwa dola 24.95. Mtu aliyejifunza kutunga programu kwa mwaka mmoja angeiweza, wala sisemi hivyo kwa kumdunisha, maana ustadi wake ulikuwa mahali pengine. Nakala ya kujaribia aliitoa bure, nayo ilifanya kila jambo ila haikukubali kuchapa kadi zaidi ya 15. Basi mwalimu aliyeijaribu Jumapili usiku, akaona kwamba yafaa, na watoto wake 25 wakamjia akilini, hakuwa na haja tena ya kushawishiwa na mtu.

Bidii iliyobaki haikwenda sana katika programu, bali katika kuwafikia walimu pale pale walipokuwa wakitafuta. Alimlipa mtu wa ualimu amtungie orodha za maneno za masomo na sikukuu mbalimbali, kila orodha ikapewa ukurasa wake katika tovuti, hata yule aliyeandika kwenye Google kwamba ataka bingo ya Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto wa huko hujivika sura za mazimwi, aliikuta ikimngoja. Na mwezi huo ulikuwa mwezi wake wa mavuno. Aliacha ajira mwaka 2010, na mwaka 2015 akaiuza biashara yenyewe.

Wala njia hii ya mtu kuishi kwa programu yake mwenyewe haikuanza na intaneti. Mwaka 1982 Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM mjini Seattle, alikuwa na programu iliyozaliwa kwa haja ya kuchapa anwani za waumini wa kanisa lake. Wenzake wa kazini waliiomba, kisha wenzao, mpaka gharama ya disketi na posta ikamwelemea, naye akatia humo ujumbe kwamba mwenye kuiona ina manufaa amletee dola 10, na kwamba ana ruhusa ya kuwagawia wengine. Mkewe alimwona mzee mpumbavu ikiwa adhani watu watatuma fedha kwa hiari yao. Walituma. Bob Wallace, aliyeondoka Microsoft mwaka 1983 baada ya kuwa miongoni mwa wafanyakazi wake wa mwanzo, aliongeza hila nzuri zaidi, nayo ni hila halali: aliyelipia programu yake ya kuandikia, PC-Write, kwa dola 75, alipewa nakala yenye namba, na kila aliyekuja kulipa kutokana na nakala hiyo, mwenye namba alipelekewa dola 25, hivyo mnunuzi akageuka kuwa dalali.

Kwetu Afrika Mashariki taabu za namna hii zimejaa tele, lakini haziji zikabisha hodi. Sharti mtu akazifuate zilipo na kukaa nazo. Mtazame mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, siku ya kukutana, mbele yake daftari la mistari na simu ya kupigia hesabu. Mama mmoja analeta nusu ya rejesho na kuahidi nyingine Ijumaa. Wa pili analeta fedha za hisa zake pamoja na za dada yake aliyesafiri. Wa tatu amechelewa, anatozwa faini, anaikataa, na faini hiyo inaandikwa kwa penseli mpaka kikao kiamue. Mtunga programu aliyejifungia chumbani mwake atatengeneza mahali pa hisa, mahali pa mikopo na mahali pa marejesho, tena kwa rangi za kupendeza. Mahali pa kuandika kwa penseli hatapatengeneza, kwa kuwa hajui kwamba papo, na kwa sababu hiyo moja daftari litabaki kuwa bora kuliko kazi yake.

Kisha kuna kulipwa. Mteja wa McKenzie alikuwa na kadi ya benki, na aliye na kadi aweza kukatwa kila mwezi bila ya kuulizwa tena. Mteja wetu aghalabu hulipa kwa simu, njia iliyofunguka Kenya mwaka 2007 ilipoanza M-Pesa, na Tanzania mwaka uliofuata. Na hata pale programu inapoweza kupeleka ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu yake, kwa kawaida ni lazima mwenyewe atie namba ya siri, kila mara, kwa ridhaa yake. Ada ya kila mwezi kwa utaratibu huo humgeuza mtunga programu kuwa mdai madeni. Naona ni heri kufuata majira ya fedha za mteja: shule itozwe kwa muhula, wakati karo inapoingia, na kikoba kitozwe mwisho wa mwaka kinapovunjwa, maana siku hiyo fedha zipo mezani, na hesabu ya kugawana faida kwa kadiri ya hisa ndiyo inayomtoa jasho mweka hazina kuliko hesabu nyingine yoyote.

Jambo lisilosemwa sana ni simu. Mteja aliyelipa hupiga usiku kwa sababu amesahau neno lake la siri, hupiga tena kwa sababu mashine ya kuchapa haina wino, na yote mawili kwake ni kosa la programu; mwenye kuuza kwa bei ya chini mno, kwa dhana kwamba watakuja wengi, huwapata hao wengi pamoja na simu zao, wala bei haimtoshi kumwajiri mtu wa kuzipokea.

Kuhusu kuacha ajira, Knopf aliendelea kwenda IBM mpaka mwaka 1984, wakati ambapo pato la programu lilikuwa limefika mara kumi ya mshahara wake. Mara kumi, kwa maoni yangu, ni hadhari iliyopita kiasi. Lakini yule anayeandika barua ya kuacha kazi baada ya kuviuzia vikoba vitatu, kabla hajaona kama vitarudi kulipa mwaka wa pili, huyo namwogopea zaidi.