Kuganda, Kukwama na Kufa: Istilahi za Hitilafu katika Matumizi ya Mafaili ya Pamoja

Katika ofisi ambazo kompyuta zake zimeunganishwa kwa mtandao, aghalabu hutokea mtu akafungua faili lililohifadhiwa katika seva, na mara programu yake ikaacha kuitika. Mmoja atasema imeganda, wa pili imekwama, wa tatu imekufa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa maneno hayo si visawe, na kwamba mfasiri wa mwongozo akiyachanganya aweza kumpotezea mtumiaji kazi yake.

Tuchukue mfano wa mfumo wa NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katika miaka ya 1980. Katika mfumo huu seva ndiyo itunzayo mafaili, na kompyuta mteja huyaona kana kwamba yamo katika diski yake yenyewe. Programu ikitaka kusoma au kuandika, ombi hupelekwa kwa seva, nayo programu husimama ikingoja jibu. Jibu lisipofika, mteja hurudia ombi.

Kurudia huko kuna namna mbili, ambazo wenye Kiingereza huziita kwa maneno ya "ugumu" na "ulaini". Tafsiri ya neno kwa neno haimwelezi msomaji lolote. Namna ya kwanza hurudia ombi bila kikomo. Ya pili hurudia mara zilizowekwa, kisha hutoa taarifa ya kosa. Hii ya pili huonekana nafuu, walakini programu isiyoijali taarifa hiyo huweza kuacha faili likiwa limeharibika. Kwa hiyo yafaa tuseme uunganishaji mvumilivu na uunganishaji wenye kikomo.

Sasa tuyapime maneno yetu matatu. Samli huganda: badiliko limo ndani ya samli yenyewe. Gari hukwama matopeni: injini ingali ikiunguruma, bali kizuizi ki nje. Programu inayoingoja seva kwa uvumilivu imekwama, haikuganda. Seva ikirejea, huendelea pale ilipoishia. Mwongozo ukisema "imekufa", mtumiaji atazima kompyuta, na maandishi ambayo hayajafika katika seva yatapotea.

Neno sahihi humwongoza fundi pia. Akiambiwa "imekwama", atatafuta sababu nje ya programu. Je, seva inafanya kazi? Je, mlango namba 2049, utumiwao na mfumo huu, umezibwa na kinga ya mtandao? Je, mafaili madogo yanafunguka, na makubwa tu ndiyo yanayokwama? Hali hii ya mwisho huweza kuashiria kuwa ukubwa wa pakiti za data haulingani: kompyuta imepangiwa baiti 9000, ilhali njia hupitisha 1500 tu. Pakiti ndogo hupenya, kubwa hupotea njiani.

Kwa muhtasari, tunapendekeza:

Kukwama: programu kusimama kwa kungoja kitu kilicho nje yake.
Kuganda: programu au kompyuta kuacha kuitika kwa hitilafu iliyo ndani yake.
Kufa: programu kukoma kabisa, isiweze kuendelea bila kuanzishwa upya.
Kukatika: mawasiliano baina ya seva na mteja kukoma.

Wafasiri na walimu wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni.