Kufuli la Kitabu Humbana Nani?

Julai 2009, baadhi ya wasomaji nchini Marekani waliwasha Kindle zao, vifaa vya Amazon vya kusomea vitabu vya kielektroniki, wakakuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, vimetoweka. Walikuwa wamevilipia. Amazon ilieleza kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza, ikawarudishia wateja fedha zao. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alibaki na maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo, kitabu chenyewe hakipo. Akaenda mahakamani. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani.

Kwa kuhofia wizi, wachapishaji wengi hukifunga kitabu cha kielektroniki kwa msimbo. Ufunguo hukaa kwa muuzaji, na kifaa cha msomaji hupewa ruhusa tu ya kukifungua. Ruhusa hiyo ina mwenyewe, naye anaweza kuiondoa. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, hata vilivyokwishanunuliwa viliacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, maktaba za watu zikapotea.

Na mwizi je? Machi 2000, hadithi ya Stephen King, Riding the Bullet, iliuzwa mtandaoni pekee kwa dola 2.50, ikiwa imefungwa. Hazikupita siku nyingi, nakala zilizovunjwa kufuli zikazagaa. Huku kwetu hata utaalamu huo hauhitajiki: kitabu cha karatasi hupigwa picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kikawa PDF na kuingia kwenye makundi ya WhatsApp. Msimbo gani utazuia hilo?

Hofu ya wachapishaji si ya bure, maana mwandishi hula kwa mrabaha. Lakini Tor Books, wachapishaji mashuhuri wa hadithi za kubuni za kisayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kielektroniki mwaka 2012. Mwaka mmoja baadaye walisema hawakuona ongezeko la maana la wizi.

Mchapishaji wa Kiswahili anayetaka kuingia soko hili asianze na kufuli. Aanze na bei inayolipika kwa M-Pesa, na kitabu kipatikane mtandaoni siku ileile kinapofika dukani. Mwenye nia ya kuiba hatakosa njia. Wa kubembelezwa ni yule aliyekwishatoa simu mfukoni ili alipe.