Unga Mweupe Chini ya Jani la Nanasi si Ugonjwa



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama huku Bureti, tulikuta wamechanga pesa za kununua dawa. Sababu? Mananasi yao yote yalikuwa na unga mweupe upande wa chini wa majani. Tuliwaomba wangoje kwanza. Kumbe unga huo ni mdomo wa mmea, tena ni blanketi lake.

Kwaruza jani kidogo kwa ukucha. Vumbi linalotoka ni vinywele vidogo sana. Kila kimoja ni kama mwavuli: juu kofia iliyokufa, chini mguu mfupi ulio hai, umeingia ndani ya jani. Mvua au umande ukigusa kofia, inanyonya maji na mguu unayapitisha ndani. Jua likiwaka, kofia inakauka na kuwa kama kifuniko, maji yasipotee ovyo.

Nanasi lilitoka Amerika ya Kusini. Huko ndugu zake wengine hukaa juu ya matawi ya miti, bila udongo, na hunywa karibu maji yote kwa vinywele hivi. Nanasi letu lina mizizi ardhini, lakini halijasahau desturi hiyo. Majani yake yamekunjwa kama mfereji wa bati. Yanateremsha maji hadi pale jani linaposhikana na shina, na hapo kuna vinywele na vijizizi vya kuyapokea.

Tena, chai hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Nanasi hufungua zaidi usiku, wakati wa baridi. Ndiyo maana kiangazi cha Januari kikikaza, chai inapunguza majani lakini nanasi linavumilia.

Basi tufanye hivi:

1. Tusipanguse unga huo wala kuupigia dawa.

2. Mbolea tuiweke penye vikonyo vya majani ya chini, yaliyokomaa. Tusimwage katikati, kwenye moyo. Itaunguza majani machanga.

3. Tukipalilia, udongo usiingie moyoni. Huleta kuoza.

4. Tuchungulie karibu na mizizi. Tukiona wadudu weupe kama pamba, wanaotoa maji wakifinywa, chungu wakipanda na kushuka, na majani yanageuka mekundu na kukauka ncha, hapo kuna shida kweli. Tumwite afisa wa kilimo kabla ya kutoa hata shilingi.

Wale akina mama walirudisha pesa zao kwenye sanduku la kikundi.