Picha za Chumbani: Omba Ruhusa Kwanza
Kazini, hapa Leeds, simfunui mgonjwa shuka kabla ya kumwomba ruhusa. Nyumbani nilijisahau. Jumapili moja watoto wakiwa madrasa, mke wangu aliketi dirishani amejifunga khanga tu, nikampiga picha kwa simu. Jioni picha ileile ikatokea kwenye tableti ya watoto, kwa kuwa simu yangu hutuma nakala kwenye akaunti ya familia. Tuliiwahi kabla hawajaiona, lakini hakunisemesha siku mbili.

Tuliporudia, masharti yalikuwa yake: kamera isiyo na intaneti, mlango ufungwe, uso usionekane, na yeye ndiye mwenye kufuta. Tulizima taa, tukashusha pazia jeupe; mwanga wa dirisha hapo huwa laini. Tangu ajifungue alikuwa akikwepa kioo. Siku hiyo alizitazama moja moja, akafuta kumi na moja, akabakisha tatu. “Huyu ni mimi,” akasema.

Hapa Uingereza, kusambaza picha ya faragha ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai, hata akiwa mkeo. Basi ndugu zangu, zimeni kwanza nakala za simu. Kisha ulizeni.