Filamu ya kutisha ya pesa kidogo: inatushika wapi, inatuangusha wapi

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja alitutumia ujumbe wa sauti. Yeye na wenzake watatu wana simu moja yenye kamera nzuri, wamechanga hela ya bando na ya mafuta ya pikipiki, na wanataka kutengeneza filamu ya kutisha kijijini kwao. Swali lake lilikuwa hili: bila pesa inawezekana kweli, au watachekwa? Mwishoni akaongeza kwamba mchawi wamekwishampata. Ni bibi mmoja jirani yao, mjane, amekubali kuigiza bure.

Hewani tulikuwa na dakika chache, tukamjibu nusunusu. Hapa tunajaribu kumjibu vizuri, yeye na ninyi wengine ambao kila tukitaja filamu hizi kipindini mnagawanyika: kuna wanaosema zinatisha kuliko zile za mabilioni, na kuna wanaosema zinachekesha tu.

Inawezekana. Mwaka 2006 Oren Peli, mtu aliyekuwa akiandika programu za kompyuta, aliweka kamera juu ya stendi katika chumba cha kulala cha nyumba yake mwenyewe huko San Diego, Marekani, akarekodi kwa siku saba na waigizaji wachache. Filamu hiyo, Paranormal Activity, iligharimu takriban dola 15,000. Kwa bei za kwetu hizo zinanunua bodaboda kumi na kitu. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 ilivuna zaidi ya dola milioni 190.

Na ndani yake kuna nini? Watu wawili wamelala. Saa iliyo pembeni ya picha inakimbia, halafu ghafla inarudi kwenye mwendo wa kawaida, na mtazamaji anajua kwamba ikipunguza mwendo kuna jambo linakuja. Mlango unasogea kidogo. Basi.

Mlango huo unatisha kwa sababu hatuoni kinachousukuma. Ukimwonyesha mtu jini la plastiki, anaanza kulikagua: mshono uko wapi, meno yamebandikwa na nini. Usipomwonyesha, analitengeneza mwenyewe kichwani, na la kwake halina mshono. Mwenye pesa nyingi huona lazima aonyeshe alichokinunua. Asiye nazo hulazimika kuficha, na kuficha ndiko kunakotisha.

Hakuna walioficha zaidi ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waongozaji wa The Blair Witch Project. Oktoba 1997 waliwaingiza waigizaji watatu katika misitu ya Maryland, Marekani, wakawapa kamera wajirekodi wenyewe kwa siku nane. Maelekezo waliyakuta yameachwa njiani, chakula kilipunguzwa siku hadi siku, na usiku waongozaji walikuja kupiga kelele nje ya hema na kulitikisa. Uchovu tunaouona kwenye nyuso zile si wote wa kuigiza. Mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja, filamu nzima.

Upande wa sauti ruhusuni sisi wa redio tujigambe kidogo, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mwaka 1978 John Carpenter alitengeneza Halloween kwa dola laki tatu na kitu. Sura ya muuaji ni barakoa ya dukani iliyochongwa kwa mfano wa uso wa mwigizaji William Shatner, wakaipaka rangi nyeupe. Carpenter amesimulia kwamba alipoionyesha filamu kabla haijawekewa muziki, aliyeitazama, mtu wa kampuni kubwa ya filamu, hakutishika hata kidogo. Baadaye Carpenter akatunga muziki mwenyewe kwa siku chache, piano inayorudia noti zilezile bila kupumzika. Picha zilikuwa zilezile. Waliokuja kuiona sinema wakapiga mayowe.

Kwa hiyo udhaifu wa kwanza wa filamu nyingi za bei ndogo tunazorushiana kwa memori kadi ni wa masikio kabla ya kuwa wa macho. Maikrofoni ni ile ya kamera, iko mbali na mdomo. Upepo unavuma, jenereta ya jirani inanguruma, halafu juu yake unawekwa muziki mkubwa unaofunika hata maneno ya mganga. Mtazamaji anasamehe picha yenye kiza. Sauti asiyoisikia haisamehi, anatoka kibandani kununua karanga.

Udhaifu wa pili ni kuvuta. Hadithi ya dakika arobaini inagawanywa iwe sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, na tunakaa tukimwangalia mtu akifungua geti, akiegesha gari, akipanda ngazi. Hofu ni kama maji ya chai, ukiyaacha yanapoa.

Pesa kidogo ina faida moja ambayo haisemwi sana: hakuna bosi anayechungulia begani. George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead karibu na Pittsburgh mwaka 1968, kwa takriban dola 114,000, damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, na kwa vile picha ni nyeusi na nyeupe hakuna aliyejua. Shujaa wake alikuwa Duane Jones, mtu mweusi, aliyechaguliwa kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri kwenye majaribio. Marekani ya mwaka ule, kampuni kubwa ingefikiria mara mbili.

Lakini asiye na pesa mara nyingi hana hata wa kumkagulia karatasi. Waliosambaza filamu ya Romero walibadilisha jina lake, na katika kubadilisha huko tangazo la hakimiliki likaachwa. Chini ya sheria ya Marekani ya wakati huo, haki ikapotea. Yeyote akaweza kuinakili na kuiuza, na walioitengeneza hawakuwa na la kufanya. Wale watatu wa msitu wa Maryland nao waliona filamu yao ikiingiza karibu dola milioni 250. Mwaka 2024, karibu miaka 25 baadaye, walitoa barua ya wazi kudai malipo ya haki. Msikilizaji wetu na wenzake watatu waandike leo, hata kwenye karatasi ya daftari, nani atapata nini.

Sasa turudi kwa yule bibi.

Huku kwetu filamu hizi zilipitia Nigeria. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyouzwa kwa kanda za video, ilisimulia habari za mwanamume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, na mke akarudi kumsumbua akiwa mzimu. Katika miaka ya 2000 Mussa Banzi akatutengenezea Nsyuka na Shumileta, na vibanda umiza vikajaa. Tunazipenda kwa sababu zinazungumza tunachokijua: majini, kafara, makaburi yaliyo nyuma ya nyumba. Ila hapo hapo pana hatari ambayo watu wa Maryland hawakuwa nayo. Mchawi wao ni hadithi ya msituni. Wa kwetu ana jina, na nyumba yake watu wanaijua.

Mikoa ya Kanda ya Ziwa, na sisi tumo, imezika vikongwe wengi waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi, wakati mara nyingi ni moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe wa miaka hamsini jikoni. Kwa mtengenezaji asiye na hela ya vipodozi, uso wa kikongwe ni kifaa cha bure. Hahitaji kupakwa chochote, kwa kuwa watazamaji wamekwishamuogopa kabla kamera haijawashwa. Sisi tunauita huu udhaifu mkubwa kuliko wa sauti na taa. Filamu inaazima woga ambao haikuutengeneza, na bibi ndiye anayebaki nao wakati video inazunguka kwenye simu za kijiji jirani, ambako hakuna anayejua kwamba aliigiza.

Juzi tulimpigia msikilizaji wetu tukamweleza hayo. Alinyamaza kidogo, akasema atazungumza na wenzake. Jana ametuma ujumbe mwingine. Mchawi ameondolewa kabisa, kumebaki mlango wa ghala unaojifungua, na bibi sasa ndiye anayeusikia wa kwanza wakati wajukuu wamelala. Kinachowashinda, anasema, ni jogoo wa jirani anayewika kila wakianza kurekodi.