Kibanda cha ziwani huanzia mgongoni

Msafiri anayefika Ziwa Kitandara, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari katika Milima ya Rwenzori, hukuta kibanda cha kulala kando ya maji. Hupiga picha akapumzika. Wachache huuliza kilifikaje. Gari huishia Nyakalengija, hapa Ibanda. Kutoka hapo mizigo hupanda kwa mgongo wa mtu, kupitia Nyabitaba na matope ya Bigo.

Mimi ni mwalimu. Nilisomea ukimbizini, upande wa Congo, na sasa nafundisha watoto wa wapagazi. Muhula uliopita niliwaambia wachore kibanda cha mbao cha kando ya ziwa kama lile. Walichora madirisha makubwa na baraza pana. Nikawapa ubao wa nne kwa mbili, futi 12, waupandishe kilimani kwa zamu. Waliporudi walifuta baraza bila kuambiwa.

Ubao huo ukiwa mkavu una kilo kumi hivi. Wa mkaratusi mbichi hukaribia 20. Wafanyabiashara wa mbao wa Mpondwe wanajua: anayebeba mbao mbichi anabeba maji. Basi zikaushwe kwanza, zikatwe fupi, ziunganishwe huko juu. Miti ya huko haikatwi, kwani ni hifadhi ya taifa tangu 1991.

Ardhi ni chepechepe, kwa hiyo sakafu iinuliwe juu ya nguzo. Paa liwe na mteremko mkali, madirisha yawe madogo kwa sababu ya baridi ya usiku, na choo kiwe mbali na ziwa.

Lakini swali kubwa ni nani atalala ndani. Mwaka 1906 msafara wa Luigi Amedeo wa Italia, aliyefika kilele cha Margherita, ulipiga kambi chini ya jabali la Bujongolo. Leo kibanda kimoja njiani kinaitwa John Matte, kwa heshima ya mtu wa Ibanda aliyewapanga wapagazi. Heshima ya jina ni nzuri, ila haimkingi mpagazi na baridi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayechora kibanda kipya ahesabu kwanza watu wote watakaofika nacho, wageni na wabebaji, ndipo ahesabu vitanda.